Vijino vine vyenye kuangalia Sake

Mbele carte mère ya kompyuta yetu inunuliwe, niliandika mu cahier yangu vitu vitano vyenye tulihitaji. Mimi nilisoma mupaka ya sita ya shule ya primaire, basi maandiko yangu haina mapambo, lakini inasomeka. Ya kwanza: tundu ya bluu ya écran (ile kioo ya maandiko), ile ya zamani yenye skurubu mbili pembeni, juu écran yetu haijue ingine. Ya pili: tundu ya mviringo ya clavier, vile vibonyezo vya kuandikia. Ya tatu: nafasi ine za barrettes, vile vipande virefu vya mémoire, juu tuko na mbili nzuri na siku moja tutaongeza. Ya ine: ikubali processeur yetu, ule ubongo ya mashini, juu njo kitu ya bei kali yenye ilipona. Ya tano niliandika hivi: isiwe ya kujionyesha.

Papa Séraphin, mwenye nyumba, alichukua ile karatasi akamupa Guy aagize carte. Guy ni mutoto ya dada yake. Alisoma informatique miaka mbili Goma, akarudi na viatu nyeupe na neno moja ya kila siku: modèle. Alisoma mistari mbili ya kwanza, akacheka kidogo, akafungia ndani yake chingamu yenye alikuwa anatafuna.

Nyumba yetu ya kazi iko Masisi, kando ya barabara yenye inapanda. Tunaandikia watu barua, tunafanya photocopie, tunatoa mialiko ya ndoa na orodha za wanafunzi. Kwa kuandika yote hiyo mashini, ile kompyuta, ilikuwa moja. Mu wiki za mvua kubwa radi ilipiga karibu, waya ikaleta ile moto mupaka ndani, na carte mère, ile bao kubwa yenye inashikaka vitu vyote vya mashini, ikaungua. Tulisikia harufu mbele ya kuona moshi.

Mutengenezaji wetu alikuwa Papa Callixte. Miaka tatu nilimushikia tochi. Hakunifundisha kwa maneno. Alikuwa anasema "mulika hapa", na mimi nilikuwa namulika, na kuangalia. Mbele ya kuhamia Kirotshe kwa binti yake, alipima processeur yetu ku mashini ya mutu mwingine, ikawaka. Akaniambia: "Hii iko nzima. Muitafutie carte nzuri." Halafu akaenda, na meza yake ikabaki pale karibu ya dirisha, na kiti yake, na droo yenye vyombo.

Papa Séraphin alisema mbele yetu sote: "Mwenye atafufua hii mashini, njo atakaa ku meza ya Callixte."

Ile neno sikuisahau hata saa moja. Kila mara nikifika Nyabiondo, mama ananiulizaka: "Kule Masisi unafanya kazi gani?" Namwambia photocopie. Anauliza: "Na kisha?" Namwambia: nafagia. Anaendelea kuchagua maharagi.

Carte ilifika siku ya ine asubuhi, ku moto ya Samy, ile pikipiki yake. Samy anashushaka fromages, jibini ya Masisi, Goma mara mbili kwa wiki, mu kreti ya mbao yenye amefunga nyuma ya kiti, na mu ile kreti njo anarudishiaka mizigo ya watu. Kila kitu yenye amepitisha inanukaka fromage: dawa, madaftari, hata viatu vya bibi arusi. Watu wamezoea.

"Hii hapa," alisema, akaweka karto, ile boksi ya carte, ku meza. "Nimeileta kama yai."

Niliangalia karto. Ukanda ya kubandika ya Goma ilikuwa nyeupe. Juu yake kulikuwa ukanda ingine, ya manjano, ile ya kufungia fromage.

"Samy, ilifunguliwa?"

"Nani afungue?"

"Nauliza wewe."

"Dada Estelle, mimi naendeshaka. Sifungue." Akaangalia pembeni, akaniuliza kama kuko maji ya kunywa.

Guy alitoa carte mu sachet yake ya rangi ya majivu akaishika juu kwa mikono mbili. "Tonton, angalia modèle. Iko na taa. Ukiwasha inageuza rangi: nyekundu, bluu, violet. Watu watasimama ku mulango."

"Watu wanataka barua zao," nilisema.

"Estelle, hapa si kwa photocopie."

Papa Séraphin alivaa miwani. "Mumuache naye aangalie. Macho haimalizake kitu."

Nikainama. Nitasema kweli, haikuwa carte mbaya. Mutu mwenye aliitengeneza alifikiri. Kando ya processeur, pale kunakuwaka moto mingi, alikuwa ameweka vyuma vizito vya kupooza, si vile vya plastiki yenye wanapaka rangi ya chuma. Bamba ya nyuma, ile ya kuziba vumbi, ilikuwa imeshikana nayo kabisa. Ku zetu za zamani ile bamba ilikuwa peke yake, na Papa Callixte alikuwa anajikata vidole nayo. Tundu ya mviringo ya clavier ilikuwako. Processeur yetu iliandikwa ku karto kati ya zile zenye inakubali. Na pembeni kulikuwa vitaa vine vidogo, kila moja na jina yake: processeur, mémoire, picha, diski. Kitu ikikosa, taa yake inabaki inawaka, unajua pa kuanzia. Ile nilipenda sana. Papa Callixte alikuwa anatafuta ugonjwa siku nzima na pua yake.

Lakini tundu ya écran ya bluu haikuwako. Nafasi za barrettes zilikuwa mbili tu. Ukijaza, basi, hakuna kuongeza. Na tundu mbili za diski waliziweka zinaangalia ukuta ya kasha yetu, ungepaswa kupindisha kamba mupaka ivunjike. Zile franga walilipia zile taa za rangi, wangezitia mu nafasi mbili zingine, tungepona.

"Écran yetu itaingia wapi?" niliuliza.

"Nilileta kamba ya kugeuza," Guy alijibu. "Unaona? Nilifikiri."

"Na barrettes mbili tu?"

"Unataka ngapi? Unaandika barua ao unatuma mutu ku mwezi?"

Samy akacheka, kikombe ya maji mu mukono. Papa Séraphin naye akacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimefika pale katikati, pale processeur inakalaka. Pale kunakuwaka kifuniko nyeusi ya plastiki, ya kulinda. Chini yake kuko vijino vya shaba, mamia, vidogo kupita unyoya ya nyuki. Papa Callixte aliniambia: hapo usipitishe hata pumzi. Kifuniko ilikuwako, lakini upande moja haikushika. Nikaitoa polepole. Harufu ya fromage ikapanda.

Wakati huo jua ilikuwa inaingia mu dirisha. Vijino vyote vinalala upande moja, njo vile vinazaliwaka. Nilivipitia kama vile tunapitiaka maharagi ku lungo, mustari kwa mustari, bila haraka. Mu kona ya juu, vine vilikuwa vimegeuka. Na juu yavyo kulikuwa kitu ya kungara, kama mafuta.

"Papa," nilisema, "mutu ametia kidole humu."

Guy akaja mbio. "Wapi?"

"Hapa. Vine."

Akaangalia sekunde mbili. "Vyote vimeinama. Njo modèle."

"Vyote vinaangalia upande ya Walikale. Hivi vine vinaangalia upande ya Sake."

"Estelle, ni usine yenye iliitengeneza ilifanya hivyo. Weye ulishafika ku usine?"

"Kwani usine wanakulaka fromage ya Masisi?"

Papa Séraphin alivua miwani akamuangalia Samy. "Samy, walikufunguza ku barrière ya barabara?"

"Papa, hapana. Nilipita tu. Walinijua." Akaweka kikombe chini, akavaa kofia yake, akaenda kupakia fromage. Moto iliwaka mbele nifike ku mulango.

Nilirudi nikamwambia Papa Séraphin: "Tusifunge processeur hapo. Tukiifunga, itavikandamiza vile vimelala. Tuvinyooshe kwanza."

"Na nini?" Guy aliuliza.

"Na sindano."

Akageukia mujomba wake, mikono wazi. "Tonton, umesikia. Sindano. Anafikiri ni kitenge."

Papa Séraphin aliangalia saa yake. Inje walikuwa watu watatu wanangojea, na Mama Mukankusi alikuwa anakuja mara ya tatu kwa ajili ya mialiko ya ndoa ya binti yake. "Guy, funga," alisema. "Mwenye alisoma aonyeshe vile alisoma."

Guy akafunga. Ile chuma ya kukandamiza ililia vile inaliaka, na mimi niliisikia mu meno yangu. Akaweka pâte ya kupooza, akafunga ventilateur, ile feni, akachomeka barrettes zote mbili, akapindisha zile kamba za diski mupaka zikaingia. Akawasha groupe, ile jenereta, inje. Akabonyeza.

Taa za rangi ziliwaka. Nyekundu, bluu, violet. Watu wa ku mulango wakasema eee. Ventilateur ikazunguka. Écran ilibaki nyeusi.

Pembeni, kitaa ya manjano ya mémoire ilikuwa inawaka, haizimike.

"Ni kamba ya kugeuza," Guy alisema. Akaitoa, akairudisha. "Ni groupe, moto yake haitulie." Akazima, akawasha. "Ni écran yenu, imezeeka."

"Kitaa inasema mémoire," nilisema.

"Kitaa ni ya mapambo."

"Taa za mapambo ni zile kubwa."

Kwa muda ya saa moja na nusu alibadilisha kila kitu isipokuwa ile yenye nilisema. Alichanganya barrettes, ya kushoto akaweka kuume, ya kuume kushoto, lakini kila mara zote mbili. Mama Mukankusi alikaa ku kisanduku cha karatasi akauliza: "Mutoto yangu, ile kitu ya rangi inaweza kuandika, ao ni ya kucheza muziki?" Guy akatoa jasho. Mwishoni akasema anapanda ku kilima, pale réseau ya simu inakamata, aulize rafiki yake wa Goma. Akaacha jacket yake ku kiti ya Papa Callixte, akaenda.

Nilikaribia Papa Séraphin. "Papa, niruhusu niiangalie."

"Uguse?"

"Niangalie. Nikihitaji kugusa, nitakuambia."

Akaangalia mulango, akaangalia Mama Mukankusi. "Angalia," alisema. "Lakini ikikufia mu mikono, Estelle, sitajua la kumwambia dada yangu." Akatoka kusema na wateja.

Niliizima, nikachomoa. Niligusa chuma ya kasha kwa mukono, vile Papa Callixte alikuwa anafanya. Nikafungua ventilateur, nikapangusa pâte na kitambaa na alkoli, nikanyanyua processeur. Vile vine vilikuwa sasa vimelala kabisa, kama mimea kisha mvua ya mawe. Mu droo nilipata loupe ya Papa Callixte, ile kioo ya kukuza. Sindano nilitoa ku pindo ya kitenge yangu, naiwekaka pale kila siku.

Ya kwanza ilisimama. Ya pili ilisimama. Niliacha kidogo, mikono ipumzike, nikahesabu pumzi. Ya tatu ilikataa, nikaizunguka kwa upande mwingine, ikakubali. Ya ine niliigusa tu, ikaanguka. Ilikuwa imeshakatika ku shina. Ile chuma ya Guy njo iliimaliza. Niliibandua na ncha ya sindano nikaiweka ku karatasi nyeupe. Ilikuwa ndogo kupita kipande ya kope.

Sikulia. Nilirudisha processeur, nikafunga, nikaweka pâte yenye ilibaki mu tube ya Papa Callixte. Halafu nikaweka barrette moja tu, mu nafasi ya kwanza. Nikabonyeza. Manjano. Nikazima, nikaihamisha mu nafasi ya pili. Nikabonyeza.

Kitaa ya manjano ikawaka, ikafikiri, ikazimika. Écran ikaleta maandishi.

Mama Mukankusi njo aliona wa kwanza. "Inaandika," alisema.

Wakati ule ule Guy alikuwa anaingia, anapumua kwa kupanda na kushuka. "Rafiki yangu amesema," alianza, "tuweke barrette moja tu, mu nafasi ya pili." Akaona écran. Akaweka kidole juu ya barrette kama vile ni yeye aliiweka. Papa Séraphin aliingia nyuma yake, akaona ile kidole, akaona maandishi.

"Njo vile," Papa alisema. "Rafiki yako anajua kazi."

"Papa, ni mimi nilifanya," nilisema. "Nilinyoosha vijino. Nafasi ya kwanza imekufa, juu kimoja kimevunjika." Na nikamuonyesha ile karatasi nyeupe.

Sikupaswa kuonyesha. Najua sasa. Lakini Papa Callixte alinifundisha kuonyesha kitu yenye imevunjika.

Guy alichukua karatasi. "Umeona, tonton? Ameivunja. Na sindano. Nafasi moja imeenda, nusu ya mémoire imeenda. Carte mupya."

"Ilikuwa imekatika tayari."

"Nani aliona?"

Hakuna mwenye aliona. Papa Séraphin aliangalia kile kitu ku karatasi muda murefu. Sijue kama macho yake ilikiona. "Estelle," alisema, "uko mutoto muzuri. Lakini kila mutu na kazi yake. Guy atakaa ku meza. Weye toa mialiko ya Mama."

Nilitoa mialiko mia moja na makumi mbili. Mashini ilikuwa inatembea polepole, na nusu ya mémoire, kila ukurasa inafikiri. Guy alikaa ku kiti ya Papa Callixte na simu yake. Taa zilikuwa zinageuka juu ya mikono yangu: nyekundu, bluu, violet. Nilitafuta namna ya kuzizima, sikuipata.

Saa tisa Samy alipita tena, safari hii kreti imejaa fromage. Alisimamisha moto mbele ya mulango bila kushuka, mutu wa kutaka kujua na kwenda.

"Dada, ile kitu iliwaka?"

Nilitoka. "Iliwaka nusu."

"Nusu ni muzuri."

"Samy, kijino kimoja kimevunjika na wanasema ni mimi."

Akatazama chini ku magurudumu. Akapangusa kioo ya moto yenye haikuwa na vumbi. "Unajua vile wanafanyaka pale ku barrière," alisema polepole. "Ku fromage wanasema fungua, nafungua, wanaona, napita. Leo wakaona karto. Wakasema fungua. Nikafungua. Wakasema, na chini ya ile kifuniko nyeusi kuko nini? Nikafungua. Mumoja akasema ni dhahabu. Nikamuambia si dhahabu, nikagusa kidogo kumuonyesha vile haitoke." Akaniangalia. "Lakini nilipangusa kidole kwanza."

"Ulipangusa ku nini?"

"Ku suruali."

Ile suruali ilikuwa inangara ku magoti yote mbili.

"Ingia umwambie Papa."

"Dada, mvua inakuja. Hizi fromage—"

Nilinyoosha mukono nikatoa ufunguo ku moto. Moto ikanyamaza. Miaka tatu nimekaa ku ile mulango, hakuna mwenye amewahi kuniona nachukua kitu ya mutu. Hata mimi nilishangaa. Nilifunga ufunguo mu ngumi.

"Ingia," nilisema.

Akaingia, kofia mu mukono. Nilisimama ku mulango. Alisema yote, na dhahabu, na suruali, mbele ya Papa, mbele ya Guy, mbele ya Mama Mukankusi mwenye alikuwa anahesabu mialiko yake na akaacha kuhesabu. Guy alisema, "Basi ni usafiri," kama mutu mwenye amepona.

"Ni usafiri," Papa alisema, "na ni weye mwenye ulifunga juu. Estelle alikuambia." Akavua miwani, akazipangusa na shati. Nilingoja. "Estelle hakuvunja. Ile nimeielewa. Lakini kiti nilishaitoa, na dada yangu nilishamupigia simu." Aliangalia meza, aliangalia dirisha, hakuniangalia. "Tufanye hivi. Kiti iko ya Guy. Vyombo viko vya Estelle."

Nilimurudishia Samy ufunguo. Akaenda mbio, na mvua ikaanza mbele afike ku kona.

Nilisema aksanti, juu njo neno yenye mutu anasemaka. Halafu nilikaribia meza. Guy aliinua viwiko. Nilivuta droo yote, na tournevis, na loupe, na tube yenye ilikuwa imekwisha, nikaibeba mupaka kwa mashini ya photocopie, nikaiweka juu ya kifuniko yake. Ku kipande ya ukanda nyeupe niliandika "USIWEKE KITU HAPA", nikabandika ku ile nafasi ya barrette yenye ilikufa. Sindano niliirudisha ku pindo ya kitenge.

Guy alibaki anaangalia meza. Kulikuwa simu yake tu, na karatasi ya chingamu.

"Na mimi nitafanya kazi na nini?" aliuliza.

"Uko na kiti," nilimwambia. "Na sogea kidogo, unanifungia mwangaza."